Mafiga Matatu na Mzizi wa Pili: Utatu wa Nairobi wa 1968 Ukitazamwa kutoka Wundanyi

Jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii hutajwa aghalabu kwa lengo la kuhimiza ushirikiano, lakini ndani yake mna hesabu pia. Mafiga mawili huangusha chungu. Manne huhitaji ardhi iliyosawazishwa. Matatu husimama popote, hata kwenye mteremko. Pengine hii ndiyo sababu fikra za watu hupenda kutulia juu ya watu watatu, makampuni matatu au vilele vitatu, na kuona kwamba hesabu imekamilika.

Mifano ni mingi na haina haja ya kurefushwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, biashara ya fedha ilikuwa imeshikwa na benki tatu zenye asili ya Uingereza: Barclays, Standard, na National and Grindlays. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulisimama juu ya Nyerere, Kenyatta na Obote, ukaanguka mwaka 1977. Nchini Tanzania, Chama cha Mapinduzi kiliichukua istilahi ya jikoni katika kampeni za mwaka 2005, kikawaomba wapiga kura mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Katika riadha, Oktoba 1968 huko Mexico, Wakenya watatu walitwaa dhahabu: Naftali Temu katika mita 10,000, Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino katika mita 1,500. Temu ndiye aliyetangulia, na ndiye Mkenya wa kwanza kuvishwa dhahabu ya Olimpiki. Hata hivyo jina linalotamkwa kwanza, na mara nyingi peke yake, ni la Keino. Utatu, basi, una tabia yake: huundwa kwa watu watatu, hukumbukwa kwa mmoja.

Siku nne baada ya ushindi wa Keino, yaani tarehe 24 Oktoba 1968, utatu mwingine ulijitokeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki. Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walitia saini waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Waraka huo umejadiliwa kiasi kwamba mtu anaweza kudhani hauna kipya cha kusema. Makala haya yanashikilia kuwa bado unalo, hasa ukisomwa na msomaji wa fasihi ya Kiswahili, na hasa ukisomwa kutoka mahali kama Wundanyi, palipo mbali na kumbi za Nairobi lakini ndani kabisa ya mambo ambayo waraka ulidai kuyatetea.

Ni vema kuanza na utatu wenyewe. Waraka uliandikwa na watu watatu, lakini ulipochapishwa mwaka 1972 ulikuwa kiambatisho ndani ya Homecoming, kitabu cha Ngugi. Tangu hapo umesafiri kwa jina la mwenye kitabu. The Post-Colonial Studies Reader, mkusanyiko wa mwaka 1995 ambao umekuwa msahafu wa wanafunzi wa nadharia ya baada ya ukoloni, uliuingiza chini ya jina la Ngugi. Taban amesalimika kwa kiasi fulani kwa sababu ana vitabu vyake na ana mdomo wake. Mtu asiyemkumbuka kwa waraka atamkumbuka kwa kauli. Aliyefifia ni Owuor-Anyumba. Jina lake huandikwa kwa namna zaidi ya moja, jambo ambalo kwa mtafiti wa nyaraka ni dalili ya kusahauliwa, na mara nyingi hutajwa kana kwamba ni figa la kutimiza idadi.

Hili lina uzito zaidi ya kumtendea haki mtu mmoja. Kati ya hao watatu, Owuor-Anyumba ndiye aliyekuwa mtafiti wa fasihi simulizi na muziki wa jadi. Ngugi alikuwa mwanariwaya; Taban alikuwa mwandishi wa insha na mashairi aliyerejea kutoka Marekani. Kwa hiyo dai kuu la waraka, kwamba simulizi za Waafrika ndizo mzizi wa kwanza wa fasihi yao, lilikuwa na mtetezi mmoja aliyelifanyia kazi kwa sikio lake. Huyo ndiye aliyesahauliwa. Ukosoaji unaosifu waraka kwa kuinua simulizi, halafu ukamwacha nje aliyezijua simulizi, unarudia kosa ambalo waraka uliandikwa kulirekebisha.

Lakini kuna utatu mwingine ndani ya waraka, nao ndio kiini cha mjadala huu. Watunzi wake walipoeleza misingi ya fasihi itakayosomeshwa, walitaja simulizi za Kiafrika kuwa mzizi wa kwanza. Fasihi ya Kiswahili, pamoja na athari zake za Kiarabu na Kiasia, kuwa mzizi mwingine, hususan kwa Afrika Mashariki. Na fasihi ya Ulaya kuwa athari isiyoweza kukanushwa. Fasihi mpya ya Kiafrika ikawa juu ya hiyo mizizi. Mpangilio huo ni wa busara, na kwa wakati wake ulikuwa wa kijasiri. Idara iliyopendekezwa ilikuwa moja, ya fasihi na lugha za Kiafrika kwa pamoja.

Kilichofuata hakikuwa hicho. Ilizaliwa Idara ya Fasihi, ambayo kwa muda wote uliofuata imefundisha na kuandika kwa Kiingereza. Na Kiswahili kikapelekwa katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika. Mzizi wa kwanza ulipata nafasi katika mihadhara, ukatafsiriwa. Mzizi wa tatu haukupoteza chochote cha maana. Mzizi wa pili uling'olewa ukapandwa bustani ya jirani.

Hapa pana kinaya ambacho wahakiki wengi wamekipita bila kugeuka. Waraka wa watatu ulikuwa jibu kwa andiko la Kaimu Mkuu wa Idara ya Kiingereza, lililowasilishwa kwenye kikao cha 42 cha Bodi ya Kitivo cha Sanaa tarehe 20 Septemba 1968. Andiko hilo ndilo lililopendekeza kuundwa kwa idara ya isimu na lugha, na kuzungumzia nafasi ya lugha za Kiafrika, Kiswahili hasa, katika muktadha huo. Historia imewatangaza watatu kuwa washindi, na jina la Idara ya Kiingereza kweli lilifutwa. Lakini mtu akiutazama mgawanyo uliodumu, fasihi huku na Kiswahili kule miongoni mwa lugha, ataona kwamba nusu ya pendekezo la aliyeshindwa ndiyo iliyotekelezwa. Ajabu ya lugha ni kuwa idara ile kwa Kiswahili huitwa Idara ya Fasihi, na humo fasihi iliyoandikwa kwa Kiswahili haifundishwi kama fani yake ya msingi. Mhadhiri wa riwaya ya Kiswahili akiulizwa kazi yake, hutambulishwa kuwa mtu wa Kiswahili. Mwenzake wa riwaya ya Kiingereza hutambulishwa kuwa mtu wa fasihi.

Je, watatu wenyewe waliuamini mzizi wa pili? Ushahidi unaelekea pande mbili. Taban, mwaka 1965, alikuwa amelalamikia utasa wa fasihi katika Afrika Mashariki, na lalamiko lake likawa wimbo wa kila kongamano kwa miaka mingi. Utasa upi? Mwaka huo ilikuwa imetimia miaka mitatu tangu Shaaban Robert afariki, akiacha Kusadikika (1951) na kazi nyingine zisizopungua rafu nzima ya maktaba. Mohamed Said Abdulla alikuwa ameshachapisha Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ushairi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa ulikuwa na umri wa zaidi ya karne, na mswada wa Utenzi wa Tambuka ulikuwa umeandikwa tangu mwaka 1728. Jangwa alilolitazama Taban lilikuwa jangwa la vitabu vya Kiingereza. Miaka mitatu baadaye aliweka saini kwenye waraka unaoitambua fasihi ya Kiswahili kuwa mzizi, lakini kauli ya mwaka 1965 ndiyo inayonukuliwa hadi leo, na ile ya mwaka 1968 ndiyo inayosahauliwa.

Ngugi alikwenda mbali zaidi. Katika Decolonising the Mind (1986) aliiaga lugha ya Kiingereza kama lugha ya utunzi, akasema kuwa kuanzia hapo ni Kigikuyu na Kiswahili. Kwa vitendo ilikuwa Kigikuyu. Kiswahili kilibaki lugha ya kupokea: Mzalendo Kimathi (1978), Shetani Msalabani na Nitaolewa Nikipenda (zote 1982) ni tafsiri. Si lawama kusema hivyo. Mwandishi huandika kwa lugha inayomjia, na hadi kifo chake mwaka 2025 Ngugi alikuwa mtetezi wa lugha za Kiafrika asiye na mfano. Lakini mhakiki hana budi kutofautisha tamko na tendo. Katika tamko Kiswahili ni figa. Katika tendo ni chungu cha kupakulia.

Sasa tuutazame waraka kutoka Wundanyi. Mji huu mdogo umekaa katika Milima ya Taita, juu ya Mwatate, na kwa miaka mingi ulikuwa makao ya wilaya. Siku ya anga safi, kutoka vilele vilivyo juu yake, huonekana kwa nini Wataita nao hujihesabu kwa tatu: Dawida, iliyo safu kubwa kuliko zote, Saghala, inayosimama karibu na Voi, na Kasigau, mlima wa pekee upande wa kusini mashariki katikati ya nyika. Ni mafiga matatu ya mawe halisi. Nao utatu huu umefanyiwa yale yale yaliyofanyiwa watu watatu wa Nairobi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoingia nchi ya Wataita mwaka 1847, aliufikia Kasigau, aliouita Kadiaro. Kwa hiyo katika maandishi ya Wazungu mlima wa tatu ndio uliotangulia. Joseph Wray alipotoa sarufi yake ya lugha ya Kitaita mwaka 1894, lugha aliyoieleza ilikuwa Kisaghala. Leo hii anayesema Kitaita karibu kila mara anamaanisha Kidawida. Jina ni lile lile, limehama kutoka mlima hadi mlima, na kila lilipotua limejifanya kuwa jina la wote.

Kisa cha Kasigau ni kizito zaidi. Agosti 1915, Wajerumani walipouteka mlima huo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waingereza iliwatuhumu wenyeji kwa kumsaidia adui ikawahamishia Malindi. Wengi walifia huko, na miaka mingi ilipita kabla ya waliosalia kurejea kwao. Simulizi za uhamisho huo, pale zinaposimuliwa, ni fasihi ya mateso na ya kurudi. Zitasomwa wapi? Zikisimuliwa kwa lugha ya nyumbani, zitahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza ili ziingie Idara ya Fasihi, au kwa Kiswahili ili ziingie Idara ya Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari wa Wundanyi anaishi na mgawanyo huu kila wiki. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ulifanywa mwaka 1989, simulizi zilisomwa mara mbili: kwa Kiingereza ndani ya somo la Kiingereza, na kwa Kiswahili chini ya fasihi simulizi. Hadithi ya nyanya yake ilikuwa na majina mawili, maswali mawili na walimu wawili ambao hawakuwa na sababu ya kuzungumza.

Mfano mwingine unastahili kukaliwa kidogo. Miongoni mwa Wataita kulikuwako tendo la kutasa, ambapo mzungumzaji hupiga funda la pombe au kinywaji kingine, akakipuliza kwa mdomo, huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kuomba amani na heri. Ni tendo la kidini, lakini ni la maneno: lina mpangilio, lina marudio, lina hadhira, na ubora wake unategemea aliyetamka. Kwa kigezo chochote cha fasihi simulizi ni utanzu. Uchunguzi wake wa kina zaidi umo katika Casting Out Anger, kitabu cha Grace Gredys Harris cha mwaka 1978, naye ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Miaka kumi baada ya waraka kuutangaza mzizi wa kwanza, kitabu kikuu juu ya sanaa ya maneno ya Dawida kilitoka katika taaluma nyingine kabisa, na swali kilichouliza lilikuwa la dini. Mhakiki wa fasihi angeuliza maswali tofauti: juu ya sauti, juu ya kimya kati ya funda na funda, juu ya namna hasira inavyopewa jina ili itoke. Kwa sehemu kubwa maswali hayo hayajaulizwa.

Na kuna Fadhili William Mdawida. Jina lake la mwisho linatosha kumrudisha nyumbani. Alizaliwa mwaka 1938 akafariki mwaka 2001, na rekodi yake ya wimbo Malaika, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiyo iliyoufanya ujulikane Afrika Mashariki yote. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965. Boney M waliuimba mwaka 1981. Utunzi wake umezozaniwa, Adam Salim wa Tanzania akiwa miongoni mwa wanaotajwa, na makala haya hayana nia ya kuamua kesi hiyo. Kinachohusu hapa ni tarehe. Watatu walipokuwa wakiandika waraka wao, wimbo wa Kiswahili uliorekodiwa na Mdawida ulikuwa umeshazunguka dunia. Ulikuwa na mizizi yote: umetungwa ili uimbwe, lugha yake ni Kiswahili, ala zake na soko lake ni la kisasa. Kama kulikuwa na kazi moja ya sanaa iliyothibitisha hoja ya waraka, ni huu. Haukutajwa. Huenda wimbo wa mapenzi wa santuri ulionekana mwepesi mno kuwekwa mbele ya Bodi ya Kitivo.

Wapo watakaosema kwamba kutenganishwa kumeinufaisha fasihi ya Kiswahili, na hoja yao haipuuziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianzisha Idara ya Kiswahili mwaka 1970, mbali na idara ya fasihi iliyoendeshwa kwa Kiingereza, na matokeo yake yanajulikana. Istilahi za uhakiki, kuanzia fani na maudhui hadi usimulizi na mtindo, zilikomaa kwa sababu wahakiki walilazimika kufikiri kwa Kiswahili. Tasnifu zikaandikwa kwa Kiswahili. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, uliochochewa na Kichomi (1974) cha Kezilahabi na Malenga wa Bara (1976) ya Mulokozi na Kahigi, ulijadiliwa kwa lugha ya mashairi yenyewe. Ndani ya idara ya Kiingereza ungekuwa tanbihi. Haya ni kweli. Lakini hata huko utatu umefanya kazi yake: Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi wametajwa pamoja hadi wamekuwa kama jina moja, na Ebrahim Hussein, aliyezivunja kaida za ushairi kwa njia yake katika kazi zake za miaka hiyo, huachwa kando kwa kuwa amewekwa kwenye rafu ya tamthilia. Aidha, kukua ndani ya ua kuna gharama. Mhakiki wa Kiswahili husoma kazi za wenzake wa Kiingereza kwa sababu hana budi. Mwenzake hasomi zake, na hakuna anayemshangaa.

Pia isidhaniwe kuwa lawama zote ni za upande mmoja. Wataalamu wa Kiswahili waliupokea mgawanyo kwa furaha isiyofichika. Uliwapa vyeo, vitabu vya kiada na wanafunzi wengi, hasa baada ya Kiswahili kufanywa somo la lazima katika 8-4-4. Ni wachache waliorejea waraka wa mwaka 1968 na kudai kile ulichowaahidi. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Katiba ya mwaka 2010, kikiwa tayari lugha ya taifa, mjadala ulikuwa juu ya bunge, mahakama na ishara za barabarani. Idara ya Fasihi haikutajwa.

Linabaki jambo la kiutendaji ambalo shahada za uzamili hukabiliana nalo. Achukuliwe mtafiti kutoka Wundanyi anayetaka kuandika juu ya Fadhili William, kutasa na simulizi za uhamisho wa Kasigau katika kazi moja, kwa kuwa zote zimetoka katika vilima vile vile na zote zinahusu namna sauti inavyobeba maumivu. Waraka wa watatu ungempa nafasi bila swali; mada yake ni mizizi yake. Katika hali iliyopo atalazimika kwanza kuchagua mlango. Akiingia wa Kiswahili, ataambiwa kwamba Malaika yafaa lakini Kidawida na Kisaghala ni lugha nyingine. Akiingia wa Fasihi, ataombwa tafsiri za Kiingereza za yote, pamoja na wimbo ambao nchi nzima inauelewa bila kutafsiriwa. Na katika sura ya mapitio ya maandishi, ambapo atalazimika kumtaja aliyewahi kudai kwamba kazi ya aina hiyo iwezekane, huenda akaandika jina la Ngugi peke yake, na msimamizi wake asione kasoro.